Walimu Waliopanda kwa Miguu

Gari lilipofika kwenye ile kona ya mlima, hakuna aliyehitaji kuambiwa. Walimu walivua viatu vyao vizuri wakavitia mikobani, wauguzi wakakunja sketi zao nyeupe zisishike vumbi, na mmoja baada ya mwingine wakashuka kwa mlango wa nyuma. Mama Pacha alikuwa ameushika mlango huo kama kila asubuhi, akisema, "Poleni jamani, angalia jiwe hilo, pole mwalimu," kwa sauti ya mtu anayekaribisha wageni sebuleni kwake. Nauli walikuwa wamelipiwa mpaka juu, lakini juu walifika kwa miguu yao wenyewe.

Kwenye usukani, mumewe, ambaye madereva wenzake walimwita Kamanda, alikanyaga mafuta mpaka mguu ukagota sakafuni. Ajuza, ndilo jina walilolipa gari lile, alikohoa, akatetemeka bodi nzima, kisha akaanza kupanda kwa mwendo wa mtu anayekwenda kuonana na mdai wake. Lilikuwa gari la dizeli la zamani, la kuvuta kwa magurudumu yote manne, na lilikuwa la marehemu baba yake Mama Pacha. Kwa hiyo kila lilipokohoa mlimani, Mama Pacha alijisikia kana kwamba baba yake ndiye anayechekwa, na Kamanda alijisikia kana kwamba mkwewe anamcheka yeye.

Siku hiyo mwalimu mkuu alifika juu kabla ya gari. Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye miguu ya kutembea. Akasimama penye lango la shule akijifuta vumbi kwa leso, na Ajuza alipotokeza akihema, akasema kwa sauti, "Kamanda, leo nimekushinda tena!" Wote wakacheka. Kamanda naye akacheka, tena kupita wote, kisha akainamia tairi ambalo halikuwa na kasoro yoyote.

Kicheko kilipokwisha, mwalimu mkuu akamvuta Mama Pacha kando.

"Dada yangu, mimi sina ugomvi na nyinyi. Lakini bodi ya shule na zahanati imechoka. Wanasema tunalipia gari na tunapanda kwa miguu. Jumatatu wajumbe wawili watapanda nasi. Tukishuka tena pale kwenye kona, wataleta gari jingine."

"Jumatatu hii?"

"Hii hii."

Mama Pacha akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeelewa. Kazi ile ndiyo iliyowaweka pacha wake wawili shule ya bweni, ndiyo iliyoweka sufuria jikoni, na hapakuwa na mtu mwingine mjini mle ambaye angekodi gari la umri ule. Alijua hivyo vyote. Asichokijua ni mtu anafanyaje gari lililozeeka lipande mlima kufikia Jumatatu.

*

Jioni ile nyumba ilijaa wataalamu. Kaka yake Mama Pacha alikuja na simu yake, akaiweka mezani kama hakimu anayeweka kitabu cha sheria.

"Turbo," alisema. "Mfungie turbo, shemeji. Mlima ule utaupita unapiga mluzi."

"Turbo unalo wewe?" Kamanda akamuuliza.

"Sina. Lakini nimeliona humu."

"Hata mimi nimeiona ndege."

Jirani wa mkono wa kulia, mstaafu wa malori, alisema dawa ni kuondoa chujio la hewa kabisa, gari lipumue. Jirani wa mkono wa kushoto akasema ukiondoa chujio, vumbi litaisaga injini kama mahindi. Dawa ni kumwagia mafuta ya taa kidogo kwenye tangi. Kaka mtu akasema mafuta ya taa ni ushamba, kama turbo haliwezekani basi afungue pampu, dizeli iingie kwa wingi. "Injini ni kama mtu," alisema. "Ukitaka abebe, mlishe."

"Na akivimbiwa?" Mama Pacha akauliza.

"Dada, haya mambo ya injini tuachie sisi."

Aliendelea kumimina chai. Kila mmoja pale mezani alikuwa na uhakika, na uhakika wa huyu ulikuwa unaua uhakika wa yule. Manahodha wengi, chombo huenda mrama, na hapa hata chombo chenyewe kilikuwa bado kimeegeshwa uani. Kichwa kilimzunguka. Aliposhindwa kuvumilia, akauliza tena, taratibu, "Lakini zamani alikuwa anapanda. Baba alipanda naye miaka yote akiwa amejaza. Sasa kimepungua nini?"

Wanaume wakatazamana. Mstaafu akasema ni uzee, kaka akasema ni dizeli ya siku hizi, na Kamanda, ambaye hakuna aliyekuwa amemtaja kwa ubaya lakini amesikia kila kitu, akasema, "Labda kimepungua dereva." Akaenda kulala na njaa.

*

Fundi waliyempelekea gari aliitwa Miwani kwa sababu alizivaa mbili, moja machoni na nyingine juu ya paji la uso. Alimzunguka Ajuza, akamwasha, akamsikiliza, kisha badala ya kufungua boneti akalala chini ya gari na kuanza kufungua magurudumu.

"Fundi," Mama Pacha akasema, "shida yetu ni kupanda. Mbona unagusa breki?"

"Kinachopanda kitashuka, mama."

"Kushuka anashuka vizuri sana. Hata ukimzuia anashuka."

"Ndiyo maana nimeanza huku," fundi akajibu kutoka chini. "Gari lisilojua kusimama mimi siliongezei nguvu. Ningekuwa nimewachimbia kaburi na bado nawadai ufundi."

Kamanda akamnong'oneza mkewe kwamba huyu anatafuta kazi ya kujilipa. Mama Pacha hakujua amwamini nani. Alimpenda mumewe na aliogopa kaburi.

Baada ya breki Miwani akahamia kwenye injini, na kila alichokifungua alimwita Mama Pacha akitazame. Chujio la hewa lilikuwa limeshiba vumbi mpaka limekuwa zito. Nozeli, zinazopuliza dizeli ndani ya injini, zilikuwa zinadondosha kama bomba bovu la jikoni. Rejeta ilikuwa imeziba nusu, mkanda wa feni umelegea, vali hazijarekebishwa tangu enzi za marehemu.

"Hili gari halihitaji nguvu mpya," alisema. "Lirudishiwe kwanza zake. Nikimaliza nitaongeza dizeli kidogo kwenye pampu, kiasi kile kile hewa yake inachoweza kuchoma. Nikipitisha hapo utaona moshi mweusi."

"Moshi mweusi si ndiyo nguvu?" Kamanda akauliza. "Malori makubwa yote yanatoa."

"Ukubwa wa pua si wingi wa kamasi, bwana. Moshi ule ni dizeli iliyokosa hewa. Nguvu inakupa kiduchu, joto inakupa tele. Na joto ndilo linaloua injini."

Mama Pacha akalirudia neno hilo moyoni: hewa kwanza, dizeli baadaye, joto ndilo linaloua. Lilimwingia akilini. Kisha akamtazama mumewe na kuona halikumwingia hata kidogo. Kununua nozeli kulihitaji fedha ambazo hawakuwa nazo, hivyo likauzwa kabati la vioo la sebuleni, na wanunuzi wakalibeba kupitia mlango wa mbele, mchana kweupe, majirani wakihesabu mikwaruzo yake.

*

Jumamosi walikwenda kulichukua gari. Karakana ilikuwa na kelele za kutosha kumtoa nyoka pangoni: mtu anakata chuma upande huu, mtu anagonga bodi upande ule, Ajuza mwenyewe ananguruma, na kaka mtu yuko nje anamwambia Kamanda kitu kuhusu pampu. Fundi akamsimamisha Mama Pacha kwenye mlango wa dereva, akaanza kumpa maagizo.

"Skrubu hii ya pampu nimeipaka rangi nyekundu. Rangi ikivunjika, mimi na nyinyi hatujuani."

"Nimesikia."

"Maji ya rejeta kila asubuhi, injini ikiwa baridi. Na hii geji ya joto..." Hapo chuma kikalia upande wa pili, akaona midomo ya fundi inakwenda bila sauti. Akasikia, "...juu chini, miaka yote mnaendeshaje..." na tena, "...nikipata nzuri..." na mwisho, "...umenielewa?"

"Ndiyo," alisema, kwa sababu fundi alikuwa na wateja wengine wanaomsubiri, naye aliona haya kurudishiwa maneno kama mtoto.

Geji ile ilikuwa na historia yake. Marehemu aliitoa kwenye gari jingine, akaona haikai kwenye tundu la dashibodi mpaka igeuzwe kichwa chini miguu juu, akaikaza hivyo hivyo. Tangu hapo, kwa Ajuza, injini ikipata joto sindano ilishuka badala ya kupanda. Nyumba nzima iliizoea. Ajuza akiinua kichwa ni mzima, akiinamisha ana homa. Pacha walilijua hilo kabla ya kujua kusoma.

"Fundi amesema kitu kuhusu geji," akamwambia mumewe njiani. "Nadhani amesema akipata nyingine nzuri ataibadilisha."

"Geji ya Ajuza naijua kama kiganja changu," Kamanda akajibu bila hata kuitupia jicho.

Gari lilikwenda vizuri. Lilivuta kimya kimya, bila makeke, na pengine hicho ndicho kilichomwudhi kaka mtu, kwamba halikuwa na makeke. Jumapili baada ya chakula Mama Pacha alisikia boneti ikifunguliwa uani. Alipotoka, Ajuza alikuwa ananguruma kama simba, wingu jeusi limetanda mpaka kwenye kamba ya nguo zake, na wanaume wawili wanagonganisha viganja kwa furaha.

"Mmegusa ile rangi?"

"Rangi ni rangi tu, mke wangu. Sikiliza hiyo sauti! Kesho hashuki mtu."

Alimwona mumewe ana furaha ambayo hakuiona usoni pake tangu mwaka uanze. Alifurahi naye, na aliogopa, na hakuweza kutenganisha hayo mawili. Akazianua nguo, akazifua upya.

*

Jumatatu wajumbe wawili wa bodi walifika na viatu vilivyong'arishwa. Kamanda aliwafungulia mlango wa mbele, lakini mzee mnene kati yao akakataa. "Tunataka kukaa wanakokaa abiria," alisema, wakajibana nyuma kati ya walimu na wauguzi. Hivyo ndivyo Mama Pacha, ambaye nafasi yake ilikuwa mlango wa nyuma, alivyojikuta ameketi mbele kando ya mumewe.

Ajuza akaukabili mlima. Wakaikaribia kona. Mwalimu mmoja aliinama kwa mazoea, akashika kisigino cha kiatu, akakumbuka, akakiachia. Wakaipita kona. Wauguzi wakapiga makofi, mwalimu mkuu akaguta, "Kamanda!" na safari hii haikuwa kejeli. Kamanda akaanza kuimba.

"Tazama geji, Mama Pacha," alisema, akiigusa kwa kidole. "Ajuza ameinua kichwa mpaka mwisho. Na mzigo wote huu! Hajawahi kupoa namna hii."

Mama Pacha akatazama. Sindano ilikuwa juu kabisa, na bado ilisogea. Alipaswa kufurahi. Lakini kulikuwa na harufu, kama ya sufuria iliyosahaulika motoni, na kwenye kioo cha pembeni moshi mweusi ulikuwa umeuficha mlima wote nyuma yao. Juu ni poa. Au fundi alisema amebadilisha? Alisema nikipata, au alisema nimepata? Alijaribu kuikumbuka midomo ya fundi, akakumbuka kelele tu. Kama atasema simama na kumbe gari ni zima, basi yeye ndiye atakayekuwa amewashusha walimu mbele ya wajumbe, yeye mwenyewe, binti wa mwenye gari. Kama hatasema, basi... Joto ndilo linaloua. Juu ni poa. Juu ni poa?

Ndipo akaziona herufi. Miaka yote zile herufi ndogo kwenye uso wa geji zilikuwa zimesimama kwa vichwa, hata hakuna aliyejisumbua kuzisoma. Sasa zilikuwa zimesimama kwa miguu. Alizisoma bila kupinda shingo.

"Simama!"

"Nini?"

"Simama, Baba Pacha! Herufi!"

"Herufi gani tena mlimani?"

"Geji imegeuzwa! Fundi ameigeuza!"

"Juu ni poa, mke wangu."

"Juu *ilikuwa* poa!"

Kamanda akaitazama sindano, akamtazama mkewe, akaitazama tena sindano. Wimbo ulimfia mdomoni. Alivuta gari pembeni, akakanyaga breki, Ajuza akasimama palepale kwenye mteremko na mzigo wake wote, na mvuke ukaanza kutoka kwenye kingo za boneti.

*

Hakuna aliyewaambia washuke. Walishuka, wakavua viatu. Wajumbe wa bodi nao walishuka, ila wao hawakuvua, wakasimama wanatazama vumbi likipanda juu ya ule mng'aro.

Kamanda hakuizima injini; aliiacha ingurume taratibu mpaka mvuke ukapungua, ndipo akaizima, akafungua boneti kwa kitambaa, akachukua bisibisi na kuirudisha ile skrubu mahali fundi alipoiacha. Alifanya hivyo bila haraka, mgongo wake umewaelekea watu wote. Mama Pacha alisubiri. Alijua mumewe atageuka akiwa na mtu wa kumlaumu: fundi kwa kutosema vizuri, shemeji yake kwa kumtia ndimu, au yeye kwa kupiga kelele. Alijiandaa kwa lolote kati ya hayo.

Kamanda akageuka, akaenda moja kwa moja kwa mzee mnene wa bodi.

"Gari langu haliwezi," alisema.

"Hilo tumeliona."

"Haliwezi watu wote hawa kwa mara moja. Fundi amelitengeneza vizuri, mimi nikaliharibu jana kwa kutaka liweze. Nusu yao linaweza, bila moshi, bila mtu kushuka. Nusu tu. Kama mnataka mnilipe nusu, nilipeni nusu." Akaifuta bisibisi kwa kitambaa. "Niliona aibu kusema. Mkwe wangu aliwapandisha wote."

Mwalimu mkuu, viatu mkononi, akauliza, "Nusu ipi?"

"Nyinyi walimu kwanza, mna kengele. Halafu nirudi nichukue wauguzi. Lakini najua watachelewa kazini, ndiyo maana sikuwahi hata kulifikiria."

Wauguzi wakatazamana. Nesi mkuu, mama mmoja mtulivu ambaye hakuwahi kulalamika njiani, akakohoa.

"Tuchelewe wapi? Mlinzi analeta ufunguo wa zahanati walimu wakiwa wameshamaliza kipindi cha kwanza. Kila siku tunakaa kwenye ngazi tunamsubiri. Mimi nimeshafuma sweta tatu pale."

"Kila siku?" mwalimu mkuu akauliza.

"Kila siku."

"Sasa kwa nini hamkusema?"

"Tumwambie nani? Tulidhani gari lina saa yake."

"Mimi nilidhani nyinyi mna saa yenu," Kamanda akasema.

Mzee wa bodi akamgeukia mwenzake. Mwenzake akamuuliza ni nani aliyepanga safari iwe moja, naye akasema alidhani ni mwalimu mkuu. Mwalimu mkuu akasema aliikuta hivyo. Wote wakageuka kumtazama Kamanda, na Kamanda akasema na yeye aliikuta hivyo, kwa marehemu, ambaye enzi zake zahanati ilikuwa haijajengwa na abiria walikuwa walimu peke yao. Mwalimu mkuu akaitazama miguu yake iliyojaa vumbi, kwa muda mrefu, kama anaitafuta miaka yake mle vumbini.

"Kesho njoo mara mbili," mzee wa bodi akasema hatimaye. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyekasirika bila kujua amkasirikie nani. "Malipo yale yale. Na hii habari ya leo msiisambaze."

Kengele ililia juu, mbali, na walimu wakaanza kuupanda mlima mbio, peku, wajumbe wakiwafuata na viatu vyao. Mama Pacha akaketi juu ya jiwe kando ya njia. Alitaka kucheka na kicheko kikakataa, akataka kulia, nacho kilio kikawa hakijui kiingilie wapi.

Kamanda akaja kusimama mbele yake, bisibisi bado mkononi.

"Mama Pacha," alisema kwa sauti ya chini, "tumefukuzwa au tumeajiriwa?"

"Nadhani tumeajiriwa."

"Sasa mbona nataka kulia?"

Mama Pacha alisogea, akamwachia nafasi kwenye jiwe, na Kamanda akaketi. Upande wa pili wa njia wauguzi walikuwa wamekaa chini kusubiri gari lipoe, nesi mkuu amekwisha kutoa sindano zake za kufumia, na mmoja mmoja walikuwa wanavaa viatu.